Mashimo ya Mihogo Katika Picha Yako

Mama yangu mpenzi,

Jumamosi iliyopita picha yako ililetwa mnadani hapa Kalemie, katika ukumbi wa hoteli moja karibu na bandari. Ni ile ya kijiji chako Kiambi na mto Luvua, uliyoichora kwa rangi za mafuta ulizoachiwa na masista wa shule. Chini yake waliandika kwamba mchoraji ni Selestini, mdogo wake Baba. Yule ambaye hata ukuta wa choo chake hajawahi kuupaka chokaa!

Unakumbuka ulivyoichora? Kila alasiri, ukishageuza samaki juani, ulikaa barazani na kunifukuza: "Usiguse, ingali mubichi." Miezi mizima nyumba yetu ya hapa Kalemie ilinuka mafuta ya taa uliyosafishia brashi. Nilikuuliza mbona huandiki jina lako, ukacheka: "Mwenye shamba anaandikaka jina mu shamba yake?"

Nakumbuka pia matanga ya Baba. Selestini alikuja na ndugu zake, wakabeba redio, viti na baiskeli, naye akaitoa picha ukutani akisema mali ya marehemu ni ya ukoo. Ulinyamaza. Nilikukasirikia kwa kunyamaza kule, Mama, na mpaka unakufa sikukuambia. Yeye nilimwekea hasira yangu yote.

Basi ukumbini nilisubiri amalize kujisifu mbele ya wanunuzi. Nikasimama, nikamwuliza kwa adabu zote:

"Papa mudogo, hii mashimo kandokando ya mayi njo ya nini?"

"Ya madini," akajibu bila kufikiri. "Kule kwetu watu wanachimbaka."

"Na sababu ya nini wanaifunika na majani ya ndizi na majiwe?"

Mama mmoja mpishi wa hoteli aliangua kicheko mlangoni. "Eeh, Papa! Ile njo mihogo tunaloweka! Bukari unakulaka inatokaka wapi?"

Wanawake wote ukumbini wakacheka. Kila mmoja wao, kwa ajili ya ugali huo, amesimama ndani ya maji kama yale mpaka magotini, kama mimi na wewe, akarudi nyumbani mikono inanuka siku tatu. Selestini hajawahi kuloweka hata muhogo mmoja.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yake sikutaka iwe fupi. Nikawaeleza wote kwamba mchoraji ni wewe, na jinsi alivyoichukua; mwendesha mnada akamwambia achague, polisi au kuirudisha picha. Akaninyooshea niichukue. Nikakataa.

"Uliitoa ku ukuta ya Mama. Utairudisha pale pale, kwa miguu."

Akaibeba, uso wa picha ukitazama nje, jua la saa sita likimchoma utosini. Alipotaka kusimamisha pikipiki nilimwonya kwamba polisi bado wapo. Tulipita katikati ya soko, mimi nyuma yake, na kila aliyeuliza nilimweleza kisa chote tangu matanga. Nilifurahi, Mama. Sitaki kukudanganya.

Msumari aliupigilia mwenyewe, palepale ulipokuwa. Kisha akatoka nje, akaketi barazani, jasho likimtiririka, akaniomba maji ya kunywa. Najua wewe ungempa, hata yeye. Mtungi ulikuwa umejaa. Nilimtazama, kisha nikafunga mlango.

Pumzika, Mama. Picha iko nyumbani.

Binti yako wa kwanza