Kitenzi Kinachodai Mtu

Bahati, Nakuru
Novemba 1957

Mpendwa dada Chepngeno,

Natumaini wewe na shemeji Wasike hamjambo huko Kisumu. Sisi ni wazima, ng'ombe mwekundu amezaa, na mimi nimepita Kilatini!

Padre aliniuliza mbele ya darasa, "Currere ni kukimbia. Mbona tukiongeza sub mbele, tukapata succurrere, yaani kusaidia, yule anayesaidiwa tunamwandika katika hali ya dativo, kama mtu anayepewa kitu?"

Nilijua anayeanguka Kilatini hurudishwa nyumbani. Nikajibu, "Padre, hata sisi tunasema kimbia, halafu kimbilia. Mtoto akianguka tunamkimbilia. Neno hilo haliwezi kukaa bila mtu wake."

Padre alicheka mpaka akapiga meza. Mwaka ujao nabaki shuleni!

Jumapili nilimsimulia Baba. Unajua tangu uolewe bila ruhusa yake hataki jina lako litajwe. Akaniuliza kama Kilatini kina neno la kusamehe. Nikamwambia lipo, ni ignoscere, nalo pia humtaka anayesamehewa katika dativo.

Akasukuma kuni motoni. Kisha akasema, "Na Chepngeno, jina lake linaandikwaje hapo?"

Mama alicheka huku analia. Dada, njooni Krismasi. Baba mwenyewe amesema umlete Wasike, na kondoo wa kuchinja ameshamchagua.

Ndugu yako mwenye furaha,
Kiplangat