Asilimia Mbili za Dada Pi-luan

Jumatatu, 4 Desemba

Mdomo wangu utaniponza! Wiki iliyopita Mkuu Liao alisimama nyuma yangu akaona kile kinamba kwenye upau wa juu wa skrini, kinachoonyesha prosesa, ubongo wa kompyuta, inafanya kazi asilimia ngapi. Akauliza ni nini. Nikamjibu, "Ni kipimo cha jinsi mashine inavyojituma, Mkuu." Akasikia neno "inavyojituma", mengine yakampita.

Leo agizo limetoka. Kompyuta zote kumi na nne za idara ya kilimo ziwekewe kipimo, naye azione zote kwa pamoja mezani kwake. Tathmini ya mwaka inafungwa tarehe kumi na tano. Daraja la kwanza au la pili, kipimo kitaamua. Nilimwambia prosesa ni kitu kimoja na mtumishi ni kitu kingine. Akasema takwimu hazina upendeleo.

Nimeweka. Tangu ofisi ihamie mfumo wa Linux, fundi ni mimi peke yangu, na mkataba wangu anausaini yeye. Kumi na tatu zimekubali. Ya Dada Pi-luan imegoma.

Jumanne, 5 Desemba

Mashine yake ni kongwe, kwa hiyo mwaka jana niliiwekea mandhari nyepesi ya skrini, tofauti na ya wengine. Upau wake unakubali picha, maandishi haukubali. Kwa wenzake inasomeka "Prosesa 34%". Kwake kuna kijipicha tu, basi.

Nimeuzima upau, nikauwasha. Nimefuta mipangilio yote. Nimekiondoa kipimo, nikakirudisha — vijipicha vikawa viwili! Namba hakuna.

Mwenyewe hakuinua hata kichwa. Ana fomu mia sita za fidia, za wakulima ambao kimbunga kiliwaharibia vitunguu saumu. Anazipitia moja moja kwa kalamu nyekundu, na kila mzee aliyekosea anampigia simu. Kompyuta anaigusa akishamaliza fomu, kuandika jina na namba ya shamba. Anastaafu mwakani. Miaka thelathini na tisa hajawahi kupata daraja la pili.

"Usijisumbue, Chuan mdogo wangu," akasema. "Si nipo hapa? Ananiona."

Hakuoni, Dada. Anaona skrini.

Jumatano, 6 Desemba

Saa sita na nusu taa zilizimwa, kila mtu akalalia mto wake mezani kwa usingizi wa mchana, kama kawaida ya ofisi. Ila Shao-chi, kabla ya kufumba macho, alifungua video kumi na mbili za paka, sauti akazima. Kipimo chake: 96%. Mkuu akapita kwa kunyata katikati ya meza, mkono kifuani. Nilikuwa macho, nikamsikia akinong'ona, "Hata usingizini anachapa kazi!"

Kufika saa kumi ofisi nzima ilikuwa na paka. Hatujawahi kuwa na bidii namna hii.

Kwa Dada Pi-luan nimeondoa kile kipimo, nikaweka kingine kinachojiandikia namba chenyewe. Sasa pale juu ni peupe kabisa. Hata kijipicha hakuna!

Alhamisi, 7 Desemba

Pasipo na namba, Mkuu ameandika sifuri. Halafu amemsimamisha Dada Pi-luan mbele ya wote.

"Dada, umri si sababu. Tazama wenzako!"

Wenzake wakatazama chini. Dada akauliza kama anaweza kukaa, maana kuna mzee anamsubiri kwenye simu.

Nilitamani sakafu inimeze. Shao-chi alimpelekea chai ya maziwa baadaye.

Mkuu kaniita pia. Namba zinambadilikia polepole mno, anataka aone kila pumzi. Nimemwekea zisomwe mara kumi kwa sekunde. Roho yake ikatulia.

Ijumaa, 8 Desemba

Nimemnunulia Dada pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, hirizi ya mafundi wa kompyuta wa kwetu ili mashine isigome, nikaiweka juu ya mashine yake. Najua, najua. Mimi niliyesoma uhandisi! Lakini hata seva yetu ina yake, na haijazimika tangu Februari. Lazima iwe ya kijani, isiwe imepitwa na tarehe, na asiile mtu.

Saa tisa akavua miwani, akasogeza pua kwenye skrini. "Chuan, hapa pana kama doa."

Macho ya mtu aliyezoea mihuri iliyofifia! Namba ilikuwepo siku zote mbili. Herufi nyeupe juu ya upau mweupe. Nimebadilisha rangi, ikajitokeza, safi, nyeusi, haina shaka.

2%.

Tukaitazama wote wawili. Bora ningeliacha doa lilale.

Jumatatu, 11 Desemba

"Sasa tuna ushahidi," Mkuu kasema, anafurahi kama aliyeokota pochi. Dada wa mwisho, asilimia mbili. Wa kwanza ni yeye mwenyewe: 98%, tangu asubuhi hadi jioni. Ametuambia kiongozi huongoza kwa mfano.

Nikajiuliza, 98 za nini? Mkuu husoma gazeti. Alipokwenda chooni nikafungua orodha ya programu zinazokula nguvu kwenye mashine yake. Ya kwanza juu kabisa — programu ya kututazama sisi. Hakuna nyingine! Mashine inachemka kwa kutazama wengine.

Nimecheka peke yangu stoo, hadi machozi. Kisha nikaona aibu, kwa sababu sikumwambia. Mkataba.

Jumanne, 12 Desemba

Nimemnong'oneza Dada: video moja tu, ndogo. Au mimi nimwandikie kipimo kinachosema sitini, hatajua mtu.

"Mzee Tou nimempigia mara nne," akasema. "Haoni vizuri, namsomea fomu mstari kwa mstari. Leo nimwekee paka?"

Zimebaki fomu arobaini.

Alhamisi, 14 Desemba

Kesho anakuja Bi Ou kutoka wilayani kutia sahihi madaraja. Mkuu anataka vipimo virushwe ukutani, vikubwa.

Nimeingia chumba cha seva kukagua. Pakiti ya seva haipo! Nimeikuta kwenye ndoo ya taka ya Mkuu, tupu, imekunjwa vizuri. Nikamuuliza. "Nilikuwa macho hadi magharibi nikiwasimamia," akasema, "njaa ikaniuma." Shao-chi aliposikia alishika kichwa. Maduka ya jirani yana za njano tu.

Ijumaa, 15 Desemba

Naandika haya nimesimama, chumba cha seva. Nimedai kuna waya umelegea. Hakuna waya uliolegea.

Bi Ou amefika saa tatu, mama mfupi mwenye daftari. Vipimo vikarushwa ukutani. Mkuu akamwonyesha 2% kwa fimbo. Bi Ou hata hakutazama huko. Alikuwa anatazama juu, kwenye namba ya kwanza.

"Tisini na nane, Mkuu Liao! Ni kazi gani hiyo?"

"Aa, mambo mengi ya uongozi."

"Mambo gani? Nataka nikawafundishe wilayani."

Mkuu akapanua kifua. "Chuan, mfungulie mgeni orodha! Aone kila kitu!"

Kubofya mara moja, basi. Nikasema waya. Nikakimbilia huku.

Kupitia mlango namsikia Dada kwenye simu: "Hapo chini ya nakala yako, Mzee Tou, weka muhuri wako. Hapo hapo. Basi, tumemaliza!" Ya mia sita.

Sasa hivi ameingia. Amenipa pakiti yake ya kijani. "Kaiweke kwenye mashine ya Mkuu," akasema. "Yangu ni nzima." Hakutabasamu. Amerudi mezani.

Hajui kilichomo kwenye ile orodha. Au anajua. Kwa Dada huwezi kujua.

Nimesoma tarehe kwenye pakiti: inaisha Mei. Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini na moja mwezi huu, na karatasi mpya iko mezani kwa Mkuu, bado haijasainiwa.

Wanagonga.

"Chuan! Mgeni anasubiri, mwanangu! Njoo ubofye!"

Naja, Mkuu.