Lulu Nyeusi Siku ya Harusi

Nyeri, Jumamosi, 1972

Na niliivaa. Mbele ya kanisa zima, hapa shingoni, lulu nyeusi niliyopewa na Teura, nesi mwenzangu kutoka Tahiti.

Asubuhi, wakinivisha shela, Shangazi alikataa kabisa. Ati nyeusi ni ya matanga. Nikamweleza kwamba kwa kina Teura lulu ni heshima, mungu wao aliishusha kwa upinde wa mvua. Hapo nikaharibu zaidi. Kwetu Wakikuyu upinde wa mvua ni mnyama wa majini anayemeza ng'ombe.

Niliogopa, nikaanza kuivua. Nyanya akanishika mkono, akaifunga tena mwenyewe.

"Huyo mnyama amekula ng'ombe wetu tangu zamani," akasema. "Wacha leo arudishe kitu."

Kanisani nilitembea polepole, makusudi.