Kibao Ndani ya Mkoba

Ijumaa, Suna. Mvua imenyesha tangu saa nane.

Leo mwalimu mkuu amenikabidhi kibao. Kipya, kimepigwa randa vizuri, kina kamba ya kuvaa shingoni. "Madam, Kizungu ya hawa watoto iko chini sana," alisema. "Si hata sisi tulifunzwa hivyo? Monday uanze nayo."

Ndivyo tulivyofunzwa, kweli. Aliyesikika akiongea Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, alivishwa kibao, naye akamwinda mwenzake wa kumvisha. Kengele ya jioni ikilia, aliyebaki nacho alichapwa.

Nilikuwa darasa la nne, shule moja upande wa Asumbi. Kengele ilikuwa karibu na kibao kilikuwa shingoni mwangu. Darasa zima lilikuwa limefunga midomo. Mbele yangu aliketi rafiki yangu Atieno, aliyekuwa amemzika mamake majuzi tu.

Nikaanza kuuimba puani ule wimbo ulioimbwa mamake akishushwa kaburini. Sauti tu, bila maneno, maana maneno yake ya Dholuo yangeniponza.

Atieno akamlilia mamake. Kwa Dholuo.

Nikamvisha.

Alichapwa nikitazama, na nakiri, nilifurahi kwamba si mimi. Tangu siku hiyo hakuongea tena shuleni, si Kizungu si Dholuo, hadi alipoacha masomo. Mimi nikawa mwalimu wa Kizungu, tena wa kusifiwa. Wimbo ule hunijia hata nikisahihisha madaftari.

Jioni hii nimempigia Atieno simu. Anauza omena, dagaa wa ziwani, huko Homa Bay. Namba yake nimekaa nayo miaka bila kuthubutu. Nilitaka kumwomba msamaha kwa lugha yetu, nikajizoeza njia nzima kutoka shuleni. Alipopokea nikajitaja jina, na kilichonitoka ni Kizungu: "Atieno, I am sorry."

Nimeona aibu, hadi sasa naiona.

Kisha akauliza polepole, "Pod in kode?" Bado unacho kile kibao?

Nikatazama mkoba wangu pale mezani, kibao cha mwalimu mkuu kikiwa ndani. Nikamweleza yote kuhusu hiki kipya, safari hii kwa Dholuo, nikigugumiza.

"Basi kaa nacho," akasema. "Usimvishe mtoto wa mtu." Akakata simu.

Jumatatu nitaingia ofisini kwa mwalimu mkuu nikiwa nimekivaa mwenyewe, nimwambie kwa Dholuo kwamba hakitoki hapa shingoni. Naogopa kama siku ile, kengele ikikaribia.