Biti Moja na Wodi ya Wazazi

Mwenzangu, uko hapo? Nina hasira.

Tangi la juu ya paa la hospitali limefurika. Maji yameshuka mpaka wodi ya wazazi. Kina mama wamehamishwa mbio mbio, vichanga kifuani. Hakuna aliyeumia, Mungu kasaidia.

Na unajua kwa nini? Kipimo cha tangi kilituma asilimia 96. Pampu ikapokea 32! Biti MOJA, tarakimu moja tu kati ya zile sifuri na moja za ujumbe, imegeuka njiani kwa kelele za mawimbi ya redio. Pampu ikaona tangi bado, ikaendelea kusukuma.

Si unakumbuka zile biti za ziada nilizoweka ili kosa kama hilo ligundulike na kusahihishwa lenyewe? Wiki jana meneja akaniambia: "Ujumbe mfupi hivi, mkia wote huo wa nini? Toa." Nikabisha. "Nimesema toa!"

Leo mbele ya daktari mkuu ananigeukia: "Nani kaondoa kinga?"

NANI KAONDOA KINGA!

Mzee wa pampu, yule asiye na maneno mengi, akatua ndoo. "Wewe ndiye uliyeagiza, bosi. Nilikuwepo."

Baadaye meneja kanivuta pembeni: "Mwanangu, andika ripoti. Sema ni hitilafu ya mtambo."

Nimeandika. Sentensi moja: kinga iliondolewa kwa agizo la meneja, nami nikatii. Mume wangu anasema niwafikirie watoto wetu kwanza.

Ngoja.

Nimeituma.