Wiki Yangu ya Mwisho ya Kuchapa Riba

Jumatatu, 3 Juni

Ijumaa nastaafu. Leo nimesafisha droo, nikakuta utepe wa taipureta, umekauka kau! Nikaunusa. Ukatibu muhtasari benki kuu, miaka thelathini na mbili. Bosi wangu wa kwanza tulimwita Desimali. Ukimwambia bei zimepanda karibu asilimia sita, anakukata: "Binti, karibu ni ya wageni. Ngapi?" Jinsi tulivyomcheka! Leo ningetoa chochote anisahihishe tena.

Jumatano, 5 Juni

Kamati ya sera ya fedha imekaa tangu asubuhi. Unga, sabuni, nauli — kila kitu juu. Fedha zimejaa mitaani, lazima zipunguzwe. Mmoja akasema tuuze hati fungani, hati za kuikopesha serikali, zinyonye fedha zilizozidi. Mwingine: tuyaongezee mabenki akiba ya lazima yanayoweka kwetu. Mwishowe wameamua kupandisha riba yetu, kutoka asilimia tisa hadi kumi na mbili. Mabenki yakikopa kwetu ghali, nayo yatamkaba mteja, watu wapunguze kukopa. Tangazo Ijumaa, saa nne asubuhi. Mpaka hapo ni siri ya watu tisa. Wa tisa ni mimi, niliyechapa.

Alhamisi, 6 Juni

Kaka kaja. Fundi seremala, miaka sitini na minne, anacheka kama mtoto. Kesho saa tatu anasaini mkopo wa mashine ya randa. Dhamana, nyumba ya marehemu mama. Na riba ya mkopo huo inafuata ya benki kuu, ikipanda nayo inapanda!

"Mdogo wangu, wewe uko jikoni. Nisaini?"

Nikamwambia chai inapoa.

Akanitazama sana. Kisha akaanza habari za zamani: mama na kanga yake ya kijani, sisi wawili tukigombea ukoko. Hakutaja baiskeli. Hajawahi kuitaja. Aliiuza nikasomee uchapaji. Miaka miwili akaenda kazini kwa miguu, viatu vikaisha visigino, akirudi ananiuliza, "Leo umefika herufi gani?"

Na mimi leo nimemnyima neno moja.

Ijumaa, 7 Juni

Saa tatu kasoro dakika tano. Wenzangu wameniletea maua. Waandishi wa habari wanafunga kamera ukumbini. Taarifa imelala hapa mbele yangu, kumi na mbili ileile.

Kaka kapiga. Yuko mezani kwa ofisa mikopo, kalamu mkononi.

"Sikuulizi siri, mdogo wangu. Sema tu 'hongera, kaka'. Nikiisikia nasaini."

Niliapa kutosema. Sikuapa kudanganya! Lakini nikinyamaza, si ndiyo nimeshasema?

Simu nimeilaza mezani, bado iko hewani. Naandika ili mikono ipate kazi. Nasikia kiti kikilia upande wake. Nasikia ofisa akikohoa.

"Upo?" kaka anauliza. Taratibu, kwa sauti ileile ya kuniuliza herufi. "Mdogo wangu, upo?"

Nipo. Nimefungua mdomo —