Shati la Baba Kendi

Mama yangu huko Gachoka, hujambo na jua lako? Hapa Meru ukungu umeshuka hadi dirishani. Tumeketi kina mama tukishona vipande vya kitambaa juu ya karatasi iliyochorwa nyumba, mpaka kitokee kijumba kidogo kama kiganja. Leo Mama Kendi, mjane, alileta shati la marehemu mumewe. Kulikata kukamshinda.

"Nikatie wewe," akaniambia. "Mkono wangu unakataa."

Nikakata. Akashona polepole, akachana karatasi ya nyuma, kikabaki kijumba cha kitambaa tu. Akakiweka shavuni, akafumba macho.

"Bado kiko na joto lake," akanong'ona.

Nami nikamkatia kipande kingine.

Nakuombea usingizi mtamu, Mama.

Binti yako, Wawira